Niandikeni wa Pili

Jumapili, 2 Juni

Kitindamimba wangu,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina siasa zake. Na nikitaja siasa sitanii. Kama barua hii unaisomea juu ya kile kilima mnachopanda kutafuta mtandao, shuka kwanza ukae.

Dada yako anagombea udiwani.

Cheka, ukimaliza tuendelee. Bado si udiwani wenyewe, ni kura za maoni ndani ya chama, kumpata mmoja wa kutuwakilisha. Katibu wa tawi aliuliza mkutanoni nani anajitokeza. Akasimama Kinyozi wa pale kona, akasimama Mwenye Matofali, akasimama Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha nusu ya kata na hakuachi usahau. Katibu akauliza, wanawake je? Basi nikaona mkono umeinuka, nikaufuata kwa macho, kumbe wangu.

Utaniuliza natafuta nini huko. Watu nitawaambia mtaro, na mtaro ni kweli, mvua iliyopita maji yaliingia hadi chini ya cherehani. Wewe nitakuambia lililo moyoni. Tangu mtoto wa marehemu dada yetu aolewe akahama, humu ndani tumebaki mimi, cherehani na saa ya ukutani, na saa yenyewe imesimama. Mlango unagongwa, sikatai. Lakini kila anayegonga ana nguo mkononi. Zipu imekufa, suruali ndefu, gauni limebana. Nikishamaliza anashukuru, anaondoka. Nataka siku moja nigongewe na mtu mwenye mikono mitupu, aliyekuja kwa sababu ni mimi ninayekaa humu. Diwani, mdogo wangu, hugongewa mpaka akajificha.

Sasa kuna jambo jipya limetuchanganya wote. Mara iliyopita wagombea wetu wawili wa mtaa mmoja waligawana kura, akapita wa tatu ambaye wengi hawakumtaka, na kwenye uchaguzi mkuu tukapigwa chali. Kwa hiyo chama kimesema safari hii hatumtii alama mtu mmoja. Tunawapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Watu wameshaibatiza kura ya foleni. Katibu alieleza ubaoni, akafuta, akaeleza tena, Mwalimu Mstaafu akamsahihisha, tukatoka wajinga zaidi ya tulivyoingia. Wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu kwetu. Nieleze, niombeje kura?

La mwisho ndilo kubwa. Kila mgombea anatakiwa awe na wakala wa kukaa mezani wakati wa kuhesabu. Wenzangu wana wake, wana watoto, wana makundi. Mimi nina wewe. Kura ni Jumamosi, tarehe 17 Agosti. Kadi yako ya chama ninayo kabatini. Chukua likizo yako uje.

Dereva wa lori la saruji anaondoka kesho, atakuletea hii.

Dada yako


Jumapili, 16 Juni

Dada,

Nimecheka, nimemaliza, na sasa natembea kambini kifua mbele kama ninayegombea ni mimi. Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chakula. Mpishi anauliza kama mtaro wako unaweza kufika huku. Karani wa stoo, dada mmoja asiyecheka ovyo, amesema mwanamke ambaye mkono wake unamtangulia ndiye wa kumchagua.

Kwanza likizo. Nimeshaomba siku zangu zote za Agosti. Mezani nitakaa mimi, na atakayethubutu kuiba hata nusu ya kura yako atanitambua.

Pili hesabu. Hivi umesahau punje za baba? Kila Jumapili alikuwa na nafasi ya kutupeleka mahali pamoja tu. Wewe ulitaka kituo cha treni, marehemu dada alitaka bustanini, mimi mpirani. Baba hakupenda kelele. Alitupa punje za mahindi: unapopataka kuliko kote unaweka tatu, panapofuata mbili, kisha moja. Yeye anajumlisha. Na tuliishia wapi kila Jumapili? Kwa shangazi! Hakuna hata mmoja wetu aliyemweka wa kwanza, lakini sote watatu tulimweka wa pili, na punje zake zikawa nyingi kuliko za treni, bustani na mpira. Nilikuwa nalia njia nzima.

Basi kura ya foleni ndiyo hiyo hiyo. Wenzako watatu watauana wakigombea nafasi ya kwanza. Wewe kaa pembeni. Ukimwambia mtu amwache Kinyozi wake, atakununia. Mwambie hivi: mpe mtu wako nafasi ya kwanza, mimi niandike wa pili. Nani atakataa? Utaokota punje mbilimbili kila nyumba, na siku ya kuhesabu utakuwa shangazi wa kata nzima. Nilimweleza karani wa stoo mpango huu, na yeye kazi yake ni hesabu. Hakupinga. Alisema tu niwe na uhakika, ila karani naye haachi kusema mtu awe na uhakika, hata wa misumari.

Huku ni vumbi na vigingi. Tunapima barabara ambayo bado haina gari la kuipita. Nina hamu ya kukaa kwenye kiti chenye mgongo.

Kitindamimba wako


Jumapili, 7 Julai

Mdogo wangu,

Shangazi wa kata nzima anakusalimu.

Akili ni nywele, kweli. Nilianza na mtaa wetu nikiwa na hofu, nimekariri maneno kama mtoto wa shule. Nikabisha hodi, nikasema, mimi sikuja kumng'oa mtu wenu, mpeni nafasi yake ya kwanza, mimi niandikeni wa pili. We! Uso wa mwenye nyumba ukafunguka kama aliyetuliwa mzigo. Kumbe watu wanachoka kuombwa wote. Hicho kidogo nikaahidiwa papo hapo, nikavutiwa kiti.

Viti, mdogo wangu. Nimekaa kwenye viti ambavyo miaka yote nilikuwa naviona nikiwa nimesimama mlangoni na nguo za watu. Kwa mwenye duka la dawa kuna kiti kinazunguka. Kwa Mama Pacha, ambaye tumeishi ukuta kwa ukuta, sikuwahi kujua kwamba ana chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa namna ile. Nimeoneshwa picha za harusi za watu niliowashonea mimi hizo nguo za harusi. Watoto sasa wakiniona barabarani wanapiga kelele, "Niandikeni wa pili!" Nami nawapungia mkono.

Kinyozi mwenyewe anawaambia wateja wake, akiwa amewashika kichwa, kwamba baada ya yeye ni mimi. Mwenye Matofali naye ameruhusu watu wake waniandike, akasema, "Bi Fundi hana madhara." Sikujua niiweke wapi sifa hiyo, nikaipokea tu.

Nikirudi nyumbani jioni ndipo naona tofauti. Huko nilikotoka wamesema tunakupenda, tunakupenda, kisha wamenisindikiza mpaka mlangoni. Naingia, nawasha taa, natazama cherehani. Lakini najiambia ni suala la wiki chache.

Saa ya ukutani nimeipeleka kwa fundi. Chumba chako nimekisafisha. Nimekushonea shati la wakala, jeupe, kola ngumu, kwa vipimo vya mwaka juzi. Kama umenenepa ni shauri yako. Ninakufungia na waraka wa chama, maana Katibu amegawa nakala, nami nikiusoma nasinzia. Wewe utauelewa.

Na huyo karani wa stoo asiyecheka ovyo, nimemhesabu mara ngapi katika barua moja. Sisemi kitu.

Dada yako


Jumapili, 28 Julai

Dada,

Kama una sindano mkononi iweke chini. Nimeusoma waraka. Nimeusoma mara tatu, halafu nikampa karani wa stoo, akausoma mara moja, akanitazama.

Hakuna punje. Baba alihesabu kwa kujumlisha, hawa wanahesabu kwa kuondoa. Wanaanza na nafasi ya kwanza peke yake. Mwenye zaidi ya nusu ameshinda. Asipopatikana, wanamtoa mwenye chache kuliko wote, na karatasi zake zinahamia kwa yule aliyefuata katika kila moja. Kisha wanahesabu tena. Nafasi ya pili kwenye karatasi haitazamwi kabisa mpaka wa kwanza wa karatasi hiyo awe ameondolewa. Unaelewa nimekufanyia nini? Kata nzima inaweza kukuandika wa pili na ukawa wa kwanza kutoka.

Rudi kwenye nyumba ulizopita. Anza na wanaokupenda kweli. Waambie Kitindamimba alikosea, nitukane mbele yao ukitaka, ila waombe nafasi ya kwanza. Huhitaji wote. Unahitaji wa kutosha usiwe wa mwisho. Ukivuka hapo, zile za pili zote zitaanza kukumiminikia, na hakuna atakayekushika. Karani anasema hivyo na mimi nasema hivyo.

La pili ni gumu kuandika. Mhandisi amekataa likizo yangu. Anasema kazi imebana, hakuna anayetoka mwezi huu. Nimebembeleza, wapi. Tafuta wakala mwingine, dada, hata mmoja wa wateja. Nisamehe.

Dereva anaondoka leo badala ya kesho, nimemsimamisha akiwa ameshawasha gari.

Kitindamimba wako


Jumapili, 18 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Alhamisi. Daraja lilifungwa na dereva alikwama njiani. Kura ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo siku ya kuzunguka niliipata na miguu ninayo. Usijilaumu kwamba ilichelewa.

Nilivaa viatu nikatoka. Nilianzia kwa Mama Pacha. Nilikaa, nikanywa maji, nikamwambia nimekuja kwa jambo dogo. Akasema hata yeye ana jambo dogo, akaingia ndani, akatoka na gauni. Nikalipokea. Neno lenyewe halikutoka. Niandikeni wa pili lilikuwa linatoka kama salamu. Lakini kumtazama mtu machoni ukamwambia niweke mimi mbele, mbele ya kinyozi wako, mbele ya mwalimu wako, sijawahi kumwambia mtu hivyo tangu nizaliwe. Hata marehemu mume wangu sikumwambia, na sababu nilikuwa nazo. Nyumba ya pili niliongelea mtaro. Nyumba ya tatu nilisimama nje, sikugonga. Nilikwenda kuomba kura nikarudi na gauni la kupunguza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mezani waliweka viti vinne vya mawakala, kila kimoja na jina la mgombea kwa chaki. Katibu akaniuliza wako yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mgombea haruhusiwi kukaa mwenyewe, basi kiti changu kikabaki kitupu, baadaye mtu akaweka boksi la kalamu juu yake.

Kwenye karatasi nilijiandika wa kwanza. Niliifunika kwa kiganja kama ninayeiba.

Mzunguko wa kwanza nilipata kura kumi na saba, nikatolewa kabla ya wote. Katibu alisoma jina langu, akachukua furushi langu la karatasi, akaanza kuzigawa mbele yangu, hii kwa huyu, hii kwa yule, kama watu wanavyogawa nguo za marehemu. Nyingi zilikwenda kwa Mwalimu Mstaafu. Zikamvusha juu ya Mwenye Matofali kwa kura moja, na za Matofali zilipogawanywa, Mwalimu akampita Kinyozi. Sina ugomvi na kura ya foleni. Mwalimu ndiye wengi wanaweza kumvumilia, hata Kinyozi alimpa mkono, na mara hii chama hakikutoka pale vipande viwili. Imefanya kazi yake.

Halafu watu wakanijia. Wakapanga mstari, mdogo wangu. Kila mmoja ananishika mkono kwa mikono miwili. "Ahadi ni deni, Bi Fundi. Nimekuandika wa pili, kama ulivyosema." Wanatabasamu, wanangoja shukrani. Nikawashukuru wote. Mama Pacha alinikumbatia na kuniuliza gauni lake litakuwa tayari lini. Katibu akanivuta pembeni, akasema karibu kila karatasi aliyoishika ilikuwa na mimi kwenye nafasi ya pili, na katika miaka yake yote ya chama hajaona mtu anayependwa namna ile.

Nikarudi nyumbani. Saa imetengenezwa, inasikika mpaka jikoni. Shati lako nimelitundika nyuma ya mlango.

Pole kwa kunyimwa likizo. Mhandisi wako ni mtu mgumu. Dereva alipoleta barua aliniambia kwamba mwanzoni mwa wiki, daraja lilipofunguliwa, alikukuta pale akakupa lifti mpaka nyumbani kwa kina karani wa stoo, umevaa vizuri, viatu vinang'aa. Anasema kwao ni pazuri ila kuna baridi. Natumaini ulibeba sweta.

Dada yako


Jumapili, 6 Oktoba

Mdogo wangu,

Dereva amepita mara kadhaa tangu ile barua yangu, na kila mara ananionesha viganja vitupu. Nilitaka mtu wa kunijia mikono mitupu, haya, nimempata.

Siandiki kukugombeza. Kama unaoa, nafurahi, na ungeniambia ningekushonea suti. Mwanamke anayejua kusoma waraka mara moja akaelewa ni mtu wa kuoa. Kilichoniuma si yeye. Ni mhandisi wa watu uliyemsingizia bure.

Mambo ya hapa ni machache. Mwalimu Mstaafu, mgombea wetu, alikuja kunishukuru kwa kura zangu zilizombeba. Alikaa, akaongea vizuri sana juu ya umoja, na alipoinuka akatoa suruali kwenye mfuko, kiuno kimelegea. Watoto wameacha kunipigia kelele barabarani. Viti vimerudi ndani.

Mtoto wa marehemu dada ameniandikia. Amejifungua, anataka mtu wa kumwangalizia mtoto akirudi kazini. Kuna chumba cha nyuma, anasema, kidogo lakini hakivuji. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwaka huenda nikaondoka, na Mama Pacha anauliza kama cherehani nitaiuza. Huko nitakuwa wa pili baada ya mama mtu, lakini mtoto mchanga hajui kuhesabu, labda tutaelewana.

Kabla sijafunga mizigo nina swali moja, nalo nataka ulijibu kweli. Ulipokaa ukaipanga likizo yako, mimi nilikuwa wa ngapi?

Usinipambie. Nimeshazoea.

Dada yako


Jumapili, 27 Oktoba

Dada,

Wa pili.

Nimeandika barua nyingine nne kabla ya hii, zote ndefu, zote zinalizunguka neno hilo. Nimezichana. Uliomba ukweli na ndio huo.

Juni nilipokuahidi ulikuwa wa kwanza, naapa. Julai karani akaniambia wazazi wake wako tayari kuniona, na siku waliyotaka ikaangukia wiki ileile. Nilijiambia, dada ataelewa, dada huelewa siku zote. Nikajua pia kwamba ukielewa nitajisikia vibaya, basi nikamtwisha mhandisi, ambaye masikini alinitakia safari njema.

Walinipokea vizuri. Baba yake alinionesha mpaka banda la kuku. Tuliporudi kambini, wiki mbili baadaye, karani aliniita nyuma ya stoo. Yupo mtu wake wa zamani, walikuwa wameachana, amerudi. Hakunizungusha. Alisema, "Kama si yeye, ungekuwa wewe." Alilisema kwa upole kabisa, na nilikosa mahali pa kulishika ili nigombane nalo. Nikakukumbuka wewe na ule mstari wa watu wakikushika mkono.

Ndiyo maana sikuandika. Ningeanzia wapi? Chumbani kwetu tuko wanne, na jioni wenzangu wakianza kucheza karata mimi natoka nje nakaa kwenye rundo la vigingi mpaka wamalize. Kila asubuhi lazima nipite dirishani kwake kuchukua vifaa. Ananihesabia vigingi, nami nahesabu naye, hatusemi kingine. Halafu napeleka vile nilivyohesabiwa porini, navipigilia ardhini, nimemaliza siku.

Dada, nina siku zangu zilizobaki, za Desemba. Wa kwanza ameondolewa, na karatasi yangu imehamia kwako. Najua inavyosikika. Ningeweza kukuandikia kwamba wewe ndiye niliyekuwa nakutaka tangu mwanzo, na ungejifanya umeamini. Ila uliniambia nisikupambie.

Naweza kuja? Kama umeshaondoka niambie, nisije nikagonga mlango wa watu wengine.

Kitindamimba wako


Jumapili, 17 Novemba

Kitindamimba wangu,

Neno lako la kwanza lilinikasirisha siku mbili nzima. Nilishona pindo za suruali nyingine ya Mwalimu kinyume, moja ndefu moja fupi, nikamkabidhi hivyohivyo. Amerudi nayo. Mgombea wetu huyo, atembee tu upande.

Siku ya tatu nilimkumbuka shangazi. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwepo uani. Jumapili moja, mimi na mdomo wangu, nilimwambia kuhusu punje. Nilimwambia hakuna anayemweka wa kwanza, huwa tunamweka wa pili. Alikuwa anatoa viti nje, vile vya kamba. Hakusimama hata. Akasema, "Najua, baba yenu aliniambia zamani. Lakini mmekuja." Akaendelea kupanga viti, akakifuta chako kwanza kwa sababu ulikuwa umetoka kulia.

Miaka yote nimedhani alisema vile kunipoza. Sasa nadhani alikuwa anafurahi kweli, na Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa anatusubiri.

Katika yote aliyoyaeleza Katibu pale ubaoni, kuna moja tu lililoniingia: kura ikihama haipungui. Inahesabiwa nzima, sawa na ile iliyokuja tangu mwanzo. Mimi sikukosa kura, mdogo wangu, kura zangu zilikuwa njiani. Nilitolewa kabla hazijaanza kuhama. Kosa la wa pili ni hilo tu, kutokuwepo zinapofika. Na safari hii hakuna aliyekuwa ananitoa, nilikuwa najitoa mwenyewe, tena kwa haraka.

Mwenye nyumba nimemwambia nabaki. Cherehani haiuzwi, na Mama Pacha nimemwambia hivyo nikiwa nimemtazama machoni. Kwa mtoto wa marehemu dada nitakwenda Januari, mwezi mmoja, akipata mlezi narudi. Chumba chako hakijaguswa. Upweke bado upo, sikudanganyi, jana nimeongea na saa. Lakini niko.

Njoo Desemba. Nimekasirika bado kidogo, utaniona nimenuna siku ya kwanza, usijali. Shati liko nyuma ya mlango pale pale. Kama umekonda kwa mawazo nitalipunguza ukiwa umelivaa.

Jambo moja tu. Zamani ulikuwa unaingia moja kwa moja, unaulizia chakula ukiwa ukumbini. Safari hii usiingie hivyo. Najua utakuwa na mfuko wa nguo za kazi zilizochanika, na nitazishona, lakini mfuko huo uache kwanza kwa dereva, tutaufuata baadaye. Njoo mikono mitupu. Na hata ukikuta mlango uko wazi, gonga.

Dada yako